Namna ya Kumrejesha Nyumbani Mtoto Aliyetengwa na Wazazi Wake

(Somo juu ya amri ya nne ya Mungu)



Katika somo lililopita tulieleza wajibu wa watoto: kuwapenda wazazi wao, kuwatii, na kuwasaidia katika uzee wao. Baada ya somo hilo mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alinisimamisha njiani nilipokuwa nikitoka Misa, akaniuliza: "Mwalimu, amri yasema mtoto amheshimu baba yake na mama yake. Na mzazi aliyemfukuza mtoto wake, huyo amri yamwambia nini?" Sikumjibu upesi, kwa maana niliona machoni pake ya kuwa hakuuliza kwa ajili ya jirani. Leo namjibu yeye, na pamoja naye wote wenye mtoto aliye mbali, au mzazi aliye mbali, ijapokuwa pengine wanakaa katika mji mmoja na kuchota maji katika bomba moja.

1. Amri ya nne yawafunga wazazi na watoto pamoja

Wakristu wengi hudhani ya kuwa amri ya nne ni fimbo aliyopewa baba ampigie mtoto. Sivyo. Kanisa lafundisha kwamba amri hiyo yawapasa watoto kuheshimu, nayo yawapasa wazazi kulea, kulinda na kusamehe. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya barua yake kwa Waefeso, akiisha kuwaagiza watoto watii, mara huwageukia akina baba na kuwaonya wasiwatendee watoto kwa ukali unaozaa uchungu moyoni. Mtoto si mali ya mzazi. Ni amana ya Mungu, na siku moja mwenye amana ataiuliza.

Tazameni jinsi tunavyofanya na mifugo yetu. Ng'ombe akipotea katika milima ya Kabare au ya Walungu, mwenyewe hasemi: "Atarudi akisikia njaa." Huchukua fimbo na taa, huwaita majirani, huenda usiku ule ule. Lakini mtoto akipotea, mara nyingi twasema: "Amejitakia." Basi, ng'ombe ana thamani kuliko mtoto?

2. Mambo yanayowatenga wazazi na watoto

Katika nchi yetu ya Kivu vyanzo ni vingi. Cha kwanza ni vita. Vita viliingia Bukavu Oktoba 1996, vikaja tena Agosti 1998, na mnamo Februari 2025 mji ulitwaliwa na wapiganaji wa M23. Kila mara watu walikimbia, na katika kukimbia mkono wa mtoto ukaponyoka katika mkono wa mama. Wavulana wengine walichukuliwa na makundi ya silaha. Katika vita vya 1996 watu waliwaita kadogo, kwa sababu bunduki zilikuwa karibu kuwapita urefu. Chanzo cha pili ni migodi ya Kamituga na ya Shabunda, iwaitayo vijana na kuwasahaulisha nyumbani. Cha tatu ni ndoa zilizovunjika: mama huolewa kwingine, na watoto hubaki kwa ndugu za baba kama wageni. Cha nne ni binti aliyepata mimba, akafungiwa mlango kwa ajili ya aibu.

Lakini kipo chanzo kingine, nacho chaumiza kupita vyote, kwa sababu mtoto hafukuzwi kama mkosefu bali kama adui. Hicho ni tuhuma ya uchawi.

3. Tuhuma ya uchawi

Neno hilo huanzaje? Mara nyingi huanza kwa msiba. Mtoto mchanga amekufa, au baba amepoteza kazi, au ugonjwa hauondoki nyumbani. Moyo wenye uchungu hutafuta wa kumlaumu. Ndipo mtu mmoja huwapeleka katika chumba cha sala, ambako nabii aliyejiita mwenyewe hufumba macho na kusema: "Adui yenu anakula nanyi sahani moja." Macho yote humwangukia mtoto mmoja. Naye ni nani? Tazameni vema: ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, au yule akojoaye kitandani, au yule asemaye usingizini, au yule mwenye akili nyingi anayejibu wakubwa. Ni nadra kumwona mtoto mwenye baba na mama wenye nguvu akiitwa mchawi. Hilo peke yake latosha kutuonyesha ya kuwa hatutafuti mwenye kosa. Twamtafuta asiye na wa kumtetea.

Baadaye huja kufunga kwa lazima, mapigo, pengine hata moto, mpaka mtoto akiri. Ndugu zangu, kukiri kwa namna hiyo si ushahidi. Mtoto aliyenyimwa chakula siku tatu atakiri hata kwamba ndiye aliyechimba ziwa Kivu.

Serikali nayo imesema juu ya jambo hili. Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumtuhumu uchawi. Na sheria ya kuwalinda watoto, ya tarehe 10 Januari 2009, yaagiza adhabu: amtuhumuye mtoto uchawi aweza kufungwa hata miaka 3, pamoja na faini. Basi anayesema neno hilo hamkosei Mungu tu, bali avunja na sheria ya nchi.

Hapa Bukavu iko nyumba iitwayo Ek'abana, maana yake kwa lugha ya Mashi ni kwao watoto. Mama mmoja kutoka Italia, Natalina Isella, aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kuwapokea wasichana waliofukuzwa kwa tuhuma hiyo. Watu waliona chakula, vitanda na shule, wakafikiri hiyo ndiyo kazi yote. Lakini kazi ngumu ilikuwa nje ya nyumba ile: kupanda na kushuka vilima vya mji, kuketi na baba, na mama wa kambo, na shangazi, na kusema nao tena na tena, mpaka mlango uliofungwa ufunguke. Kwa maana nyumba ya watoto, hata ikiwa njema, ni mahali pa kupumzika njiani. Si mwisho wa safari.

4. Kosa nililolitenda mimi mwenyewe

Sasa nitawaambia jambo ambalo lanipa haya mpaka leo, lakini laweza kuwafaa.

Miaka mingi iliyopita nilimkuta msichana wa miaka 11 akilala kwenye meza za soko. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake alikuwa ameoa tena, na mtoto mchanga wa mke huyo wa pili akafa. Neno la uchawi likasemwa, na msichana akatolewa nje usiku. Niliposikia hayo nilivaa koti langu la Dominika, nikachukua Injili, nikamshika mkono na kumpeleka kwa baba yake. Mbele ya majirani nikawasomea mfano wa mwana mpotevu, katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Baba akainamisha kichwa, akamkumbatia binti yake. Mama wa kambo akapika bugali na sombe, tukala. Nikaenda zangu nikimshukuru Mungu na, nakiri, nikijisifu kidogo.

Haukupita mwezi nikamkuta tena sokoni, mkono wake umefungwa kitambaa. Nikamwuliza: "Mwanangu, mbona umetoroka, nawe ulipokewa vizuri?" Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, siku ile walikuogopa wewe. Mimi hawakunipokea."

Usiku ule nilifungua Injili ile ile, nikaona ya kuwa nilikuwa nimewasomea nusu ya mfano. Nilikuwa nimeishia kwenye karamu. Lakini mfano hauishii hapo. Yuko ndugu mkubwa aliyebaki nje, mwenye hasira, asiyetaka kuingia. Naye baba, aliyekuwa ametoka kumkimbilia mdogo, atoka mara ya pili kumsihi mkubwa. Baba alitoka mara mbili! Mimi nilitoka mara moja tu. Nilimwendea mtoto aliyekuwa sokoni, sikumwendea mama aliyekuwa jikoni, ambaye mtoto wake alikuwa kaburini, wala hakuna aliyemweleza ameuawa na nini.

Hilo ndilo fundisho la leo: apatanishaye hutoka mara mbili. Humwendea aliyefukuzwa, na humwendea aliyefukuza, kwa maana huyo naye ana jeraha. Asipofanya hivyo, humrudisha mtoto katika nyumba ambayo haijamngojea.

5. Hatua za upatanisho

Kwanza: sikiliza kila mmoja peke yake. Mtoto asiulizwe mbele ya watu waliomtuhumu, kwa kuwa atasema yale yanayompatia usalama. Umpe kwanza chakula, usingizi na siku kadhaa, kisha aseme. Mzazi naye asikilizwe bila kuhukumiwa. Nilipomrudia yule mama wa kambo peke yangu, sikuleta Injili mkononi. Nilimwuliza jina la mtoto wake aliyekufa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Alilia mpaka jioni.

Pili: tafuta chanzo, ukitibu. Tulimwomba muuguzi wa kituo cha afya afike nyumbani. Akamwuliza yule mama dalili za ugonjwa wa mtoto wake, akamweleza kwa utaratibu jinsi malaria inavyopanda kichwani mwa mtoto mchanga, na jinsi inavyoweza kumwua kwa muda mfupi. Hakumkemea. Alipokwisha, yule mama alinyamaza kitambo, akasema: "Basi hakuliwa na mtu." Ikiwa chanzo ni njaa, mahubiri peke yake hayatoshi; tafuteni mbegu au jembe. Ikiwa chanzo ni ulevi wa baba, anzeni na kasiksi, msianze na mtoto.

Tatu: neno liondolewe mahali lilipotupwa. Tuhuma iliyosemwa mbele ya mtaa haifutiki kwa kunong'ona chumbani. Yafaa baraza la jamaa likutane, wakiwapo wajomba na shangazi, na majirani walewale waliosikia. Mzazi aseme waziwazi: "Nilisema neno lisilo kweli juu ya mtoto huyu. Naliondoa." Ni neno chungu kulimeza, lakini bila hilo mtoto atarudi akiwa na jina lake la zamani, na kila kuku atakayekufa atakuwa juu yake. Mtoto naye, akiwa ametenda kosa la kweli, kama kuiba au kutukana, aombe radhi kwa kosa hilo, wala si kwa jingine asilolitenda.

Nne: kurudi kuwe kwa hatua. Msichana yule tulimweka kwanza kwa shangazi yake, kule Bagira. Dominika moja baba alikwenda kumwona. Dominika ya pili alikwenda pamoja na mke wake. Kisha binti akaja nyumbani mchana akarudi jioni; kisha akalala usiku mmoja. Hivyo ikapita miezi sita. Kumbukeni Yosefu, mwana wa Yakobo: ndugu zake walisafiri mara mbili mpaka Misri kabla hajajitambulisha kwao, kwa maana alitaka kwanza kuona kama mioyo yao imegeuka.

Ndivyo wanavyofanya pia watu wenye ujuzi wa kazi hii. Hapa Bukavu, Murhabazi Namegabe na wenzake wa chama kiitwacho BVES wamewatoa watoto wengi mikononi mwa makundi ya silaha, na mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Watoto wa Dunia. Mvulana akitoka msituni huwekwa kwanza katika kituo cha muda, au katika familia ya mapokezi. Hupewa nafasi ya kusahau amri za vita na kujifunza tena kucheza na kusoma. Wakati huo jamaa zake hutafutwa, huandaliwa, huulizwa wanaogopa nini, kwa sababu mara nyingi kijiji chamwogopa kijana kuliko yeye anavyokiogopa kijiji.

Upatanisho wa nguvu hauponyi. Hata katika nchi za mbali wameliona jambo hilo. Huko Marekani, wazazi wakiachana, majaji wengine walikuwa wakimtenga mtoto na mzazi anayemtegemea, ili alazimike kupatana na mzazi anayemkataa. Watu wengi walilalamika, na mwaka 2023 majimbo ya Colorado na California yalitunga sheria za kuuzuia mwenendo huo. Amani haishonwi kwa kamba.

Tano: usiwaache baada ya kurudi. Siku ya kurudi si siku ya mavuno; ni siku ya kupanda. Hapo ndipo kazi ya shirika lenu la Wakristu. Mwende kuwatembelea juma la kwanza, na la pili, kisha kila mwezi, mpaka mwaka utimie. Msiulize mtoto mbele ya wakubwa. Mwe na mama mmoja anayemwamini, ambaye aweza kusema naye njiani akienda kisimani. Mkiweza, saidieni karo ya shule, ili asionekane nyumbani kama mdomo uliozidi.

6. Wakati ambapo mtoto asirudishwe

Msikilize neno hili kwa makini. Si kila mtoto arudishwe upesi, na wengine wasirudishwe kabisa katika nyumba ile ile. Ikiwa mtoto amechomwa, au amepigwa mpaka damu, au amenajisiwa na mtu wa nyumbani, kwanza apelekwe kwa daktari, tena jambo lifikishwe kwa wakubwa wa serikali na kwa korti ya watoto. Msamaha wa Kikristu haumaanishi kumrudisha kondoo mbele ya chui. Mtoto aweza kumsamehe baba yake akiwa anakaa kwa nyanya yake. Na mtu asimwambie kamwe mtoto wa namna hiyo kwamba anavunja amri ya nne kwa kuogopa kurudi.

7. Mwisho wa habari ya yule msichana

Mtauliza: Je, alirudi? Alirudi. Siku ya baraza, baba yake aliondoa neno lake mbele ya majirani wote, na sauti ilimtetemeka. Mama wa kambo hakusema mengi. Alikwenda ndani, akaleta kanga aliyokuwa ameinunua, akamfunga binti mabegani. Mpaka leo hao wawili si marafiki wakubwa. Lakini walikula chungu kimoja mpaka siku alipoolewa, na hakuna tena aliyemwita mchawi. Mimi namshukuru Mungu kwa amani hiyo ndogo, kwa maana ni ya kweli, nayo imedumu kuliko ile kubwa niliyoileta siku moja na koti langu la Dominika.

Maswali na majibu

Swali: Amri ya nne yawaagiza watoto peke yao?
Jibu: Hapana. Yawaagiza watoto kuwaheshimu wazazi, na wazazi kuwalea, kuwalinda na kuwasamehe watoto.

Swali: Je, Mkristu aweza kumtuhumu mtoto uchawi?
Jibu: Hawezi. Hutenda dhambi juu ya ukweli na juu ya upendo, tena huvunja sheria ya nchi.

Swali: Apatanishaye atoke mara ngapi?
Jibu: Mara mbili: kumwendea aliyefukuzwa, na kumwendea aliyefukuza.

Swali: Tuhuma iondolewe wapi?
Jibu: Mbele ya watu walioisikia.

Swali: Mtoto aliye katika hatari nyumbani afanyiwe nini?
Jibu: Alindwe kwanza, apelekwe kwa daktari na kwa wakubwa, upatanisho hungoja usalama.

Azimio

Juma hili kila shirika lijiulize: Katika mtaa wetu, ni mtoto gani halali kwao? Mchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye ulimi wa polepole. Mmoja amwendee mtoto, mwingine amwendee mzazi. Wasilete hukumu, walete masikio.

Nawe mama wa Kadutu uliyeniuliza, kama unasikiliza jioni hii: amri yakuambia utoke nje. Usingoje mpaka moyo uache kuuma. Toka ukiwa na uchungu wako, nasi tutakwenda pamoja nawe.

Tusali. Ee Mungu Baba yetu, Wewe humtazamia aliye mbali, tena humsihi aliye karibu mwenye hasira. Uwaongoze wazazi na watoto wa nchi yetu, walioachana kwa vita, kwa umaskini na kwa maneno ya uongo. Utupe miguu ya kuwaendea na subira ya kungojana. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.